Dakika Tano za Kwanza: Mazoezi kwa Mwenye Ugonjwa wa Mitokondria

Kuna watu wanaojua idadi ya ngazi za kila jengo wanaloingia. Benki ina 12. Ofisi ya ardhi ina 28, na pa kupumulia ni baada ya ile ya 14, penye dirisha, ambapo mtu anaweza kujifanya anatazama nje. Ukikutana nao njiani huwezi kuwatofautisha na wengine: hawachechemei, hawana jeraha, wanacheka na kusalimia. Lakini wakipanda kilima kidogo au wakibeba dumu la maji, miguu inakuwa mizito kama iliyofungwa mawe, moyo unadunda kama wa aliyekimbizwa na mbwa, kichefuchefu kinaanza. Nyumbani wameshaitwa wavivu. Wengine wameombewa, wengine wamepelekwa kwa mganga, wengine wamemeza vidonge vya kuongeza damu mwaka mzima ilhali damu yao haikupungua hata kidogo.

Baadhi yao, si wote, maana uchovu una baba wengi, wana ugonjwa wa mitokondria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka kaskazini-mashariki mwa Uingereza ulikadiria kuwa mtu mzima 1 kati ya 4,300 hivi anao au yumo katika hatari ya kuupata. Ni ugonjwa adimu, lakini hauko mbali kama jina lake linavyodokeza. Makala haya ni kwa yule ambaye daktari ameshamtajia jina hilo, na kwa wanaoishi naye nyumba moja.

Nianze na kosa langu. Kazi yangu ni fiziotherapia. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwangu binti mmoja, kope zake zimelegea kidogo, miguu haina nguvu, na faili lake limeandikwa ugonjwa huo. Sikuwa nimeusoma vya kutosha. Nikafanya anachofanya mtu asiyejua: nikamhurumia. Nikamwambia, "Pumzika mwanangu, usijichoshe." Akanitii kuliko nilivyotarajia. Miezi minane baadaye alirudi akishika ukuta ili afike chooni. Ugonjwa wenyewe ulikuwa haujasogea sana. Kilichoongezeka ni kule kukaa, na kukaa kulikuwa agizo langu.

Ili uelewe kwa nini agizo lile lilikuwa baya, inabidi tuingie kidogo ndani ya msuli.

Msuli hauendeshwi na ugali moja kwa moja. Chakula hubadilishwa kwanza kuwa kemikali iitwayo ATP, na hiyo ndiyo inayoufanya msuli ujikunje. Akiba ya ATP iliyomo kwenye msuli ni ya sekunde chache tu. Nyuma yake ipo akiba nyingine, fosfokreatini, inayoweza kukusukuma kwa kadiri ya sekunde 10, zinazotosha kuikimbilia daladala inayoondoka. Baada ya hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kuvunja glukosi bila oksijeni: ni ya haraka, lakini glukosi moja hutoa ATP 2 tu na kuacha asidi ya laktiki nyuma yake. Ya pili ni kupitisha sukari na mafuta ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vilivyojaa kwenye seli. Humo oksijeni inatumika, na glukosi ile ile inatoa ATP zinazokaribia 30. Mtu mzima wa afya akitembea kwenda sokoni anaishi kwa njia hii ya pili. Mwenye ugonjwa wa mitokondria anafukuzwa mapema kwenda ile ya kwanza, ya mbili mbili, na laktiki inaanza kumjaa wakati mwenzake hajatoa hata jasho.

Watu wengi, hata baadhi yetu wa hospitali, hudhani tatizo ni hewa au moyo. Hebu fikiria muuza maji anayesukuma mkokoteni wa madumu mtaa mzima kisha akarudi nayo yamejaa. Maji yaliletwa, milango ndiyo haikufunguliwa. Damu ya mgonjwa huyu inafika kwenye msuli na oksijeni ya kutosha, inapita, inarudi moyoni ikiwa bado na sehemu kubwa ya mzigo wake. Mwili unaona msuli unalia, unatuma mikokoteni zaidi. Kwa mtu wa kawaida, kila lita moja ya oksijeni inayotumiwa na mwili kwenye mazoezi inahitaji moyo usukume kama lita 5 za damu. Vipimo vya wagonjwa vilivyofanywa Dallas, Marekani, na kundi la Tanja Taivassalo na Ronald Haller, lililochapisha mwaka 2003 matokeo ya wagonjwa 40, vilionyesha kuwa kwao wastani ulikuwa karibu mara tatu ya hiyo. Kwa hiyo moyo unaokudunda kwenye ngazi ya 14 si woga wala si uvivu. Unajaribu kulipa deni la msuli.

Sasa kwa nini milango haifunguki? Ndani ya mitokondria kuna mitambo mitano inayopokezana kazi, na mmoja au zaidi umeundwa vibaya kwa sababu ya kasoro ya jeni. Jeni nyingi za mitambo hii ziko kwenye kiini cha seli, nazo tumezirithi kwa baba na mama. Nyingine 37 ziko ndani ya mitokondria yenyewe, na hizo kwa kawaida hutoka kwa mama. Naomba nisimame hapa kidogo, kwa kuwa nimeona ndoa zikitikiswa na sentensi hiyo. Jeni ya mama si kosa la mama, kama vile pua ya baba isivyo kosa la baba. Na si kila ugonjwa wa mitokondria unatoka upande wa mama. Kwa watoto wadogo hasa, mwingi hutokana na jeni za kiini cha seli, na pale wazazi wote wawili huwa wamechangia bila kujua. Ipo pia aina inayojitokeza kwa mtu mmoja tu katika ukoo, ambapo kipande kizima cha DNA ya mitokondria kimekatika.

Seli moja ina nakala mamia, hata maelfu, za DNA hiyo, nazo huwa zimechanganyika nzima na mbovu kama mchele wenye chuya. Chuya zikiwa chache, hakuna anayezihisi mdomoni. Zikizidi kiasi fulani, chakula hakiliki. Kiasi hicho si sawa kwenye kila kiungo, na ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na kasoro ile ile, mmoja akapata kisukari na masikio mazito, mwingine akashindwa kupanda ngazi.

Hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Mwaka 1967 John Holloszy, mtafiti wa St. Louis, aliwakimbiza panya kwenye mashine kwa wiki kadhaa na kukuta vimeng'enya vya mitokondria kwenye misuli yao vimeongezeka takriban maradufu. Msuli unaotumika unajenga mitokondria. Msuli unaokaa unazibomoa. Kanuni hiyo haimsamehe mgonjwa. Akikaa, hata zile chache nzima zinapungua, na kile kijisehemu cha uwezo alichobakiwa nacho kinaliwa na kiti.

Ilikuwepo hofu ya haki: tukichochea mitokondria zizaliane, je, hatutaongeza chuya pia? Mwaka 2001 kundi la Dallas liliona kwa baadhi ya wagonjwa kwamba sehemu ya DNA mbovu ilikuwa imepanda baada ya mazoezi, na madaktari wengi wakasita. Mwaka 2006 majibu mawili yalitoka kwenye jarida moja. Copenhagen, wagonjwa 20 walipiga pedali za baiskeli ya ndani kwa wiki 12; uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 26, sehemu ya DNA mbovu haikuongezeka, na misuli haikuonyesha kuumizwa. Dallas nako, wagonjwa 8 wenye aina ile ya kipande kilichokatika walifanya mazoezi wiki 14, wakaimarika bila chuya kuzidi. Hakuna aliyepona. Lakini kazi iliyokuwa inawamaliza mwanzoni ilikuwa sasa inaacha chenji.

Kabla ya dakika ya kwanza, moyo upimwe. Hili sina utani nalo. Ugonjwa huu unaweza kukata njia za umeme wa moyo au kunenepesha misuli yake kimya kimya, na baadhi ya wagonjwa huhitaji kifaa cha kuongoza mapigo. Omba kipimo cha umeme wa moyo (ECG) na cha picha ya moyo (eko), hata kama hujawahi kuumwa kifua, na urudie kwa ratiba ya daktari wako. Muulize pia kama ana uhakika ni mitokondria. Yapo magonjwa ya jirani yanayofanana kwa nje lakini mazoezi yake ni mengine: la McArdle, ambalo dakika za mwanzo ni mbaya na baadaye mtu anapata pumzi mpya, na lile la kushindwa kuchoma mafuta, ambalo kutembea mwendo mrefu na tumbo tupu kunaweza kuvunja misuli hadi figo zikaziba.

Moyo ukiwa salama, anza na dakika tano. Najua unaona ni chache. Watu huniambia, "Dakika tano hata kuku anatembea." Basi tembea kama kuku huyo: mahali tambarare, polepole, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Uwanja wa shule asubuhi kabla wanafunzi hawajafika ni mzuri. Ukumbi mrefu wa nyumba unafaa. Barabara ya bodaboda jioni haifai, hasa kwako wewe ambaye kope zimelegea na unalazimika kuinua kidevu ili uone mbele. Ukiwa na baiskeli iliyosimamishwa ndani ya nyumba, hiyo ni bora zaidi, kwa sababu haina kilima, na ukichoka umeshakaa tayari.

Kipimo cha bidii ni mdomo wako. Ukiweza kusimulia habari ya jana bila kukatisha sentensi, umo. Ukiweza kuimba, ongeza hatua. Ukibaki na neno moja moja, umeshavuka. Saa za mkononi zinazohesabu mapigo siziamini sana kwa ugonjwa huu. Nimeshaeleza habari ya mikokoteni, moyo wa mgonjwa hupaa kwa kazi ndogo, na ukifuata jedwali lililotengenezwa kwa watu wenye afya utajikuta ama unasimama kila hatua mbili ama unajiumiza. Wale wa Copenhagen walifanya kazi ngumu kuliko hii, kwa nusu saa, lakini walikuwa wamepimwa kwa mashine na wanaangaliwa. Wewe uko peke yako na dada yako mdogo anayekucheka dirishani.

Wiki ya pili, ongeza dakika moja. Wiki ya tatu, nyingine. Ukifika 10, anza kuzigawa: tatu za mwendo wa konokono mwanzoni ili mishipa ya damu ifunguke, kisha mwendo wako wa kawaida, kisha mbili za kutulia. Usisimame ghafla. Wengi hufika dakika 20 baada ya miezi minne au mitano, na baadhi hufika 30. Wapo wanaoishia 12, na kwao 12 ni nyingi.

Asubuhi inayofuata ndiyo hakimu. Ukiamka na uchovu wa kawaida, kipimo kilikuwa sahihi. Ukiamka misuli inauma kama uliyepigwa, au kufunga vifungo vya shati kukawa kazi, kipimo kilizidi. Pumzika siku mbili na urudi kwa nusu. Usifidie siku uliyokosa kwa kufanya maradufu kesho yake. Kosa hili hufanywa na wachapakazi, na wagonjwa wangu wengi, ajabu, ni wachapakazi. Miaka ya kuitwa wavivu imewafundisha kujithibitisha.

Kisha hesabu na zile kazi ambazo hakuna anayeziita mazoezi. Kufua kwa mikono ni mazoezi. Kusonga ugali wa watu wanane ni mazoezi mazito ya mabega na vidole. Kutwanga, kuteka maji, kudeki, kusimama kwenye foleni na mtoto mgongoni: vyote vinatoka kwenye akiba ile ile. Nilishawahi kumpa mama mmoja ratiba nzuri ya kutembea, akadhoofika, nikashangaa, mpaka nilipouliza siku yake inaanzaje. Kabla ya saa mbili asubuhi alikuwa ameshabeba madumu manne ya lita 20. Ratiba yangu ilikuwa kijiko cha juu ya gunia. Kwa hiyo siku ya kufua isiwe siku ya mazoezi. Dumu lijazwe nusu na safari ziwe mbili zenye kikao katikati. Jikoni kiwepo kigoda, na wakwe waelezwe mapema kwamba binti anayekaa wakati wa kukatakata mchicha hajawakosea adabu.

Mazoezi ya nguvu yana nafasi yake, ndogo lakini ya kipekee. Pembeni mwa kila uzi wa msuli zimelala seli changa, kama mbegu zilizowekwa darini, zinazosubiri msuli uhitaji kukarabatiwa. Kwa wagonjwa wa aina ya kipande kilichokatika, mbegu hizo mara nyingi zina chuya chache sana kuliko msuli uliokomaa. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, walichapisha mwaka 2008 matokeo ya wagonjwa 8 waliosukuma uzito kwa miguu wiki 12: nguvu ziliongezeka, na dalili zikaonekana kwamba mbegu zimeanza kuamshwa. Idadi ni ndogo, nami sitaikuza. Ila kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika popote, mara sita hadi nane, ni jambo unaloweza kulifanya hata ukiwa unasubiri chai ichemke. Baada ya hapo pumzika dakika tatu au nne nzima kabla ya raundi ya pili. Mapumziko hayo marefu yana sababu: ile akiba ya fosfokreatini hujazwa upya na mitokondria, na zako hujaza taratibu. Mkufunzi wa gym akikuhimiza "sekunde 30, tena!" mwambie asante na uendelee kukaa.

Tumbo lisiwe tupu. Uji, ndizi, kiazi kitamu au kipande cha mkate saa moja au mbili kabla ya kutembea vinatosha, na maji. Kukaa na njaa muda mrefu kunaulazimisha mwili utegemee mafuta, nayo hayana njia nyingine ya kuchomwa isipokuwa mitambo ile ile mibovu. Hili linagusa Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na dini imempa njia ya kulipa au kutoa fidia. Nimeona waumini wakijilazimisha kwa kuogopa macho ya majirani, wakaishia kwenye dripu kabla ya kumi la kati. Zungumza na daktari na shehe wako mwezi wa Shaabani, usisubiri siku ya tatu ya mfungo. Ukipewa ruhusa ya kufunga, mazoezi yahamie baada ya futari iliyotulia tumboni.

Na muhogo. Mchungu, ule unaohitaji kulowekwa na kuanikwa, una sumu ya sianidi, na sianidi huziba mtambo wa nne wa mitokondria, pale pale oksijeni inapotumika. Watu wa Tarime, Tanzania, walionja ubaya wa muhogo usioandaliwa vizuri mwaka 1985, wakati wa ukame, miguu ya watu ilipokakamaa ghafla kwa ugonjwa unaoitwa konzo, ambao ulikuwa umeshaelezwa Kongo tangu mwaka 1938. Konzo si ugonjwa wetu huu. Lakini mwenye mitambo dhaifu hana sababu ya kula makopa ambayo hajui yalilowekwa siku ngapi.

Utaulizwa pia kuhusu vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi. Koenzaimu Q10 inaweza kumsaidia sana mtu ambaye mwili wake hauitengenezi. Kwa wengine ushahidi ni hafifu, na kreatini nayo imetoa majibu yanayopingana. Ukiniuliza mimi, pesa hiyo nunua kwanza viatu vyenye soli isiyoteleza.

Dawa za hospitali ni habari nyingine, na Afrika Mashariki tunazo kumbukumbu zake. Waliotumia stavudini miaka ile ya mwanzo ya ARV wanakumbuka ganzi ya nyayo, mashavu yaliyobonyea na miguu iliyonyauka. Dawa hiyo iliokoa maisha, lakini ilikuwa inazuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziiache taratibu. Zidovudini nayo ilionekana tangu mwaka 1990 kuwa inaweza kudhoofisha misuli. Kama unatumia ARV na miguu inaishiwa nguvu, usiache dawa hata siku moja. Nenda kliniki useme, kwa sababu leo ziko dawa mbadala. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa mitokondria naye amkumbushe kila daktari mpya kabla ya kupewa valproeti ya kifafa, linezolidi ya kifua kikuu sugu, au sindano za jamii ya jentamaisini. Wakati mwingine dawa hizo hazikwepeki, lakini daktari aamue akiwa anajua.

Zipo siku za kutogusa mazoezi kabisa. Homa ni mojawapo. Malaria, mafua makali, kuhara, kutapika, jeraha lenye usaha: mwili umeshatumia nishati yake vitani. Joto kali ni jingine. Dar es Salaam mwezi wa Februari, saa sita mchana si saa ya mtu yeyote, sembuse yako. Tembea saa kumi na mbili asubuhi au subiri jua lizame.

Na zipo dalili ambazo hazisubiri kliniki ya Jumatatu. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi au kola baada ya kazi, misuli inavunjika. Kunywa maji na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kutapika mfululizo huku pumzi zinakwenda haraka huenda ni asidi ya laktiki imejaa kwenye damu. Kuzimia, kifua kubana, mapigo kurukaruka, acha kila kitu. Kichwa kikiuma ghafla na jicho likaacha kuona sehemu ya kilicho mbele, au upande mmoja wa mwili ukalegea, au ukadakwa na degedege, usiambiwe ni uchovu. Kwa baadhi ya wagonjwa ndivyo ubongo unavyoshambuliwa, hata wakiwa vijana wa miaka 20.

Msiba utatokea, safari ya Desemba itakuja, malaria itakulaza wiki mbili. Utaacha, kila mtu huacha. Katika ule utafiti wa Dallas wa mwaka 2006, waliosimamisha mazoezi kwa wiki 14 walirudi karibu pale walipoanzia. Faida yote ilikuwa imeyeyuka. Ukirudi, usianzie ulipoishia. Kama ulikuwa dakika 16, rudi na 8, na usione haya.

Binti yule niliyemwambia apumzike tulianza naye upya, kwa dakika tatu, kutoka mlango wa sebule hadi mwembeni na kurudi. Mama yake alinitazama kwa jicho ninalostahili. Ilichukua mwaka mzima kufika 15, huku akisimamishwa mara mbili na malaria na mara moja na mitihani ya mdogo wake aliyehitaji kusaidiwa. Hajawa mzima. Kope zake bado zinalegea, na chooni anakwenda bila kushika ukuta.

Alinifundisha jinsi ya kuweka daftari. Mwanzoni aliandika kila siku "nimechoka", nami sikuweza kufanya lolote na neno hilo, wala daktari wake. Siku moja akaleta ukurasa wa aina nyingine, na tangu hapo ndio mfano ninaowapa wengine wote: tarehe, dakika ngapi, alisimama mara ngapi, alikula nini kabla, na kwenye mstari wa mwisho kitu kimoja alichoweza au alichoshindwa kesho yake asubuhi. Mstari wa Jumatano moja ulisema: "Dakika 7. Nilisimama mara 1. Uji. Leo nimesuka nywele za mdogo wangu, upande mmoja."